Mashine Ichore Pazia, Mdoli Tuachieni

Wapo wanaosema kwamba kumpiga picha mdoli, halafu nyuma yake ukaweka mandhari yaliyochorwa na akili mnemba, ni udanganyifu mtupu. Wapo wanaosema ni sanaa mpya ambayo dunia haijawahi kuiona. Mimi nasema pande zote mbili zinapiga kelele bila kutazama nyuma. Wa kwanza hawaijui historia ya picha za kwetu Afrika Mashariki, na wa pili hawaijui vilevile.

Waulizeni waliovuka kivuko cha Likoni, Mombasa, miaka ya 1990. Pale palikuwa na wapiga picha wenye vibanda, na ndani ya kibanda kuna pazia lililochorwa: meli, ndege, majumba marefu. Mtu anasimama mbele ya ndege ambayo hajawahi kuipanda, anapigwa picha, anaituma kwao bara. Kule Lamu, Omar Said Bakor katika studio yake alikata picha na kuziunganisha, mpaka mtu akaonekana mahali ambapo hakuwahi kukanyaga. Hakuna aliyekwenda polisi kushtaki. Kwa nini? Kwa sababu kila mtu alijua kuwa pazia ni pazia. Utamu wenyewe ulikuwa kule kujua.

Sasa linganisha na Uingereza. Mwaka 1917, huko Cottingley, wasichana wawili, Elsie Wright na Frances Griffiths, walikata vijitu vya karatasi wenye mabawa, wakavisimamisha kwenye majani na kuvipiga picha. Kamera ya kweli, mwanga wa kweli, vijitu vya karatasi. Ukipenda, iite picha ya midoli, na nzuri sana. Tatizo likaja pale picha zilipotangazwa kuwa ni viumbe halisi. Arthur Conan Doyle, baba wa Sherlock Holmes, mtu mzima na akili zake, aliamini. Ukweli ulikirwa mwaka 1983, Doyle akiwa kaburini zaidi ya miaka 50. Kwa hiyo kosa halikuwa karatasi. Kosa lilikuwa maneno yaliyoandamana na karatasi.

Basi hilo la udanganyifu tuliweke hapo: ukisema ulichofanya, hujamdanganya mtu. Ugomvi wangu na vijana wenzangu wa Arusha wanaocheza mchezo huu uko kwingine kabisa. Wanaiachia mashine sehemu isiyo yake.

Hebu iambie programu ikuchoree Mlima Meru. Mimi nimeiambia mara nyingi. Inaleta mlima mpana wenye theluji kileleni, mgunga mmoja, twiga wawili na jua jekundu kama nyanya. Jamani, huo ni Kilimanjaro wa kwenye kalenda! Meru una mita 4,566 na hauna kofia ya theluji ya kudumu. Upande wake wa mashariki umebomoka, na ndani ya shimo lile kimesimama kilima cha majivu. Chini yake, kuelekea Tengeru na Usa River, kuna migomba na kahawa. Yote haya mashine haiyajui, au inayajua lakini inaona kalenda inapendwa zaidi. Halafu kijana anayeishi Sakina, ambaye akifungua mlango mlima unamtazama usoni, anachukua huo wa mashine na kuubandika nyuma ya mdoli wake. Eti mandhari ya nyumbani. Nyumbani kwa nani?

Kuna jambo jingine dogo linaloumbua picha hizi: kivuli. Arusha iko kusini ya Ikweta, lakini karibu nayo mno. Mwezi Juni, karibu saa sita na nusu mchana, jua liko kaskazini, upande ule ule ambao mtu wa mjini anauona mlima. Mdoli ukimweka mbele ya Meru saa hiyo, kivuli chake kinakuja kwako uliyeshika kamera. Mwezi Desemba jua limehamia kusini, na kivuli kinaelekea mlimani. Mashine haijali Juni wala Desemba. Inapaka mwanga unaopendeza, basi. Ndiyo maana mdoli anaonekana kama kibandiko cha kwenye friji: jua lake linatoka huku, na jua la mlima wake linatoka kule. Mtazamaji huenda asijue kasoro iko wapi, ila jicho lake limeshakataa.

Lakini linaloniuma zaidi ni mdoli mwenyewe. Siku hizi wapo ambao hata mdoli hawana. Wanaagiza mashine iwachoree "gari la waya la mtoto wa Kiafrika". Inakuja picha ya mtoto peku, nguo zimechanika, ameshika kigari kilichonyooka kama kimetoka kiwandani. Mtoto amechorwa ahurumiwe, na gari limechorwa na asiyewahi kulisukuma. Aliyelisukuma anajua: usukani uko juu kifuani, umeungwa kwa waya mrefu au kijiti hadi kwenye magurudumu ya mbele, ili dereva akimbie wima bila kuinama. Magurudumu ni kandambili iliyochoka, imekatwa duara kwa wembe. Huo ni uhandisi wa watoto wasiofundishwa na mtu yeyote zaidi ya watoto wenzao. Siku tutakapowachorea gari hilo kwa kuiagiza mashine, kisha tukaliweka kwenye jalada la kitabu chao cha hadithi, tutakuwa tumewafundisha kwamba lile walilolitengeneza wenyewe halifai kupigwa picha.

Nitajibiwa: "Bwana, si kila mtu ana muda wa kulala kifudifudi vumbini na simu." Sawa, ila huko kulala kifudifudi ndiko mchezo wenyewe. Ukishusha lenzi hadi usawa wa mdoli, kokoto inakuwa jabali, dimbwi la maji ya mvua linakuwa ziwa, na vumbi la haisi iliyopita linakuwa dhoruba. Hayo ni macho unayoyapata kwa kuchafuka viwiko. Burudani ya mikono ukiiondolea mikono, umebaki na nini?

Nitaambiwa pia kwamba mashine itajifunza, kesho itauchora Meru sawasawa. Na ijifunze. Mlima bado utakuwepo pale nje, na kuutazama hakuna kiingilio.

Je, mashine haina kazi? Inayo, tena nzuri. Ichore kisichokuwepo. Shaaban Robert alipoandika Kusadikika, iliyotoka 1951, nchi yake aliiweka angani, na msomaji akaitazama ya ardhini kwa macho mapya. Mdoli wako akitaka kwenda Kusadikika, au mwezini, au chini ya bahari kwenye mji wa samaki, mwite mchoraji huyo wa umeme akutandikie pazia. Ni pazia la Likoni hilo hilo, limebadilika mshono tu. Ila usimwagize aige mkono wa mchoraji aliye hai, anayeuza kazi zake pale mjini ili watoto wake wale. Hapo wale wanaopiga kelele za wizi wana haki, na mimi nitapiga nao.

Mwaka 2023, Mjerumani Boris Eldagsen alishinda kwenye tuzo za picha za Sony kwa picha iliyotengenezwa na akili mnemba, kisha akaikataa tuzo, akisema picha za namna hiyo zisishindanishwe na upigaji picha. Aliheshimu majina ya vitu. Nasi tunaweza. Mdoli awe wa kweli, wa kushikika. Mwanga wake na wa pazia utoke upande mmoja. Na chini ya picha andika waziwazi: hiki nimekipiga mimi, kile kimechorwa na mashine. Ukiona aibu kuandika hivyo, iache picha hiyo, toka nje ukapige nyingine.