Mheshimiwa Waziri, kiduha hakisubiri palizi

Mheshimiwa Waziri wa Kilimo,

Nakuandikia kutoka Kishapu, mkoani Shinyanga.

Kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka, kikishachomoza, mtama umenyonywa wiki kadhaa chini ya ardhi. Jani linajikunja kama la kiangazi ilhali udongo bado una unyevu, na wapo wanaoamini shamba limechezewa. Ng'oa shina, utikise udongo taratibu: utaona vichipukizi vyeupe vimeng'ang'ania mzizi, ukivigusa vinakatika. Tunang'oa, ndiyo, kisimwage mbegu. Mmea mmoja hutoa maelfu kwa maelfu, ndogo kama vumbi, nazo hukaa ardhini miaka kumi na zaidi hadi mzizi wa nafaka upite jirani na kuziamsha. Kwa mavuno ya msimu huo, jembe limeshachelewa.

Mbolea ya ruzuku tunaishukuru. Kiduha hupenda udongo uliochoka, na naitrojeni hukipunguzia makali. Lakini nani huku anaweka mbolea kwenye mtama? Pamba nayo husaidia, maana huziotesha mbegu za kiduha zikakosa pa kunyonya, zikafa. Ila hatuli pamba.

Tunachoomba ni mbegu. Mwaka 2002 nchi hii iliidhinisha mtama wa Hakika na Wahi, unaostahimili kiduha, uliotokana na kazi ya Gebisa Ejeta, mtaalamu kutoka Ethiopia aliyepewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009. Leo ukiulizia Hakika duka la pembejeo, muuzaji anakuonyesha mahindi chotara.

Utaambiwa mbegu ya mtama haina soko kwa kuwa mkulima hupanda aliyoitunza mwenyewe. Ni kweli. Akinunua mara moja, anapanda misimu kadhaa na jirani anapata kibaba. Kampuni haioni faida hapo, na siilaumu. Hiyo ndiyo sababu ya kukuandikia wewe badala ya kuiandikia kampuni.

Ingiza mbegu hizi kwenye ruzuku. Vikundi vya vijiji vipewe mbegu mama na kuzalisha za daraja la kuazimiwa ubora, wakaguzi wakihakikisha zinatoka kwenye mashamba yasiyo na kiduha, tusije tukauziana ugonjwa ndani ya mfuko. Mifuko iwe ya kilo nne, inatosha ekari moja. Na ifike Oktoba, kwa sababu Novemba tunapanda chochote kilichopo ndani.

Wako,
Mkulima wa mtama, Kishapu