Kadi Mbili Si Nguvu Maradufu

Ndugu msomaji, kijana apendaye michezo ya kompyuta anapomwendea mzazi wake kuomba fedha, aghalabu huja na hoja aliyoipanga vizuri. Kompyuta ya nyumbani, asema, imeanza kuchoka. Michezo mipya inakwamakwama. Kadi mpya ya grafiki ni ghali mno. Lakini kadi iliyokwisha kutumika, ya aina ile ile iliyomo sasa, hupatikana kwa bei nafuu. Basi na inunuliwe ya pili, zifungwe pamoja, kazi iende mara mbili. Kwani kidole kimoja huvunja chawa?

Hoja hiyo ni tamu, na mwenye kuuza hatakosa kuiunga mkono. Mzazi asiyeijua kompyuta atafanyaje? Fedha yenyewe ni ile ile inayongojewa na ada ya shule, kodi ya nyumba na unga. Kwa hiyo yafaa juma hili tulitazame jambo hili kwa makini, ili baba, mama na kijana waamue hali wakijua wanachokinunua.

Kadi ya grafiki ni kile kibao chenye feni kinachochomekwa ndani ya kompyuta, ambacho kazi yake ni kuchora picha tunazoziona kwenye skrini. Mchezo ukienda vizuri, kadi huchora picha 60 au zaidi kwa kila sekunde moja. Maana yake ni kwamba kila picha hupewa muda wa milisekunde 17 hivi, na picha ikichelewa, jicho la mchezaji huona mkwamo.

Wazo la kuziunganisha kadi mbili si uzushi wa wauzaji. Mwaka 1998 kampuni ya 3dfx ya Marekani ilitoa kadi iitwayo Voodoo2. Mtu aliweza kufunga mbili, moja ikachora mistari ya witiri ya picha na nyingine mistari ya shufwa. Mali za kampuni hiyo zilinunuliwa baadaye na NVIDIA, ambayo mwaka 2004 ililifufua wazo hilo kwa jina la SLI. Mwaka uliofuata, 2005, washindani wao ATI walitoa mpango wao, CrossFire. Kwa miaka kadhaa wapenzi wa michezo walijivunia kompyuta zenye kadi mbili, tatu, hata nne.

Lakini hata katika siku hizo za fahari, mbili hazikuwa mara mbili. Njia iliyotumika zaidi ilikuwa ya kupokezana: kadi ya kwanza huchora picha moja, ya pili huchora ifuatayo. Ubaya wake ni kwamba picha hazikufika kwa vipindi vilivyo sawa. Mbili zaweza kufika zikifuatana upesi, kisha pakawa na pengo. Hesabu ilionyesha picha nyingi kwa sekunde, lakini macho yaliona mtikisiko.

Jambo la pili ni kumbukumbu. Wengi hudhani kwamba kadi mbili zenye gigabaiti 8 kila moja hufanya gigabaiti 16. La hasha! Katika mpango huo kila kadi ililazimika kuweka nakala yake ya vitu vile vile, kwa hiyo mchezo ulibaki na gigabaiti 8 tu. Mchezo uliokwama kwa uhaba wa kumbukumbu uliendelea kukwama.

La tatu ndilo kubwa kuliko yote. Kadi mbili hazijui kugawana kazi zenyewe. Ilikuwa lazima mtengenezaji wa kadi aandike maelekezo kwa kila mchezo, na mtengenezaji wa mchezo naye akubali kazi yake igawanywe. Michezo ya siku hizi huchora picha mpya kwa kutumia habari za picha iliyotangulia. Hapo kadi ya pili hulazimika kuisubiri ya kwanza, na faida ya kupokezana hupungua au hutoweka kabisa.

Ndiyo maana watengenezaji wenyewe waliuacha mpango huo hatua kwa hatua. Mwaka 2016 NVIDIA ilitoa GeForce GTX 1060, kadi ya bei ya kati, bila ya sehemu ya kuunganishia kadi ya pili. Mwaka 2020, katika kizazi cha RTX 30, ni RTX 3090 peke yake, iliyo ghali sana, iliyobakiwa na sehemu hiyo. Na RTX 4090 ya mwaka 2022 haikuwa nayo. Tangu Januari 1, 2021, NVIDIA iliacha kuandika maelekezo mapya ya SLI kwa kadi za RTX 20 na zilizotangulia. AMD, ambayo iliinunua ATI mwaka 2006, nayo iliitoa RX 5700 mwaka 2019 bila ya CrossFire. Tangu mwaka 2015 wenye kutunga michezo wamekuwa na njia ya kuzigawia kadi kazi wao wenyewe kwa kutumia DirectX 12, lakini ni wachache mno walioishughulikia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, anayenunua kadi ya pili kwa ajili ya michezo mipya ananunua mfanyakazi asiyepangiwa kazi. Na hata akikaa bure, ana gharama zake. Huhitaji bodi kuu yenye nafasi mbili zifaazo, na pawasaplai yenye nguvu zaidi. Hutoa joto, na kadi iliyo juu huvuta hewa ya moto ya mwenzake. Tena kuna umeme. GTX 1080 moja hula hadi wati 180. Kadi ya pili ya aina hiyo, ikipata kazi kweli kwa saa nne kila siku, itaongeza uniti 21 na ushei kwa mwezi.

Haki na itendeke: zipo kazi ambazo kadi mbili husaidia kweli. Mtu achoraye filamu za katuni kwa programu ya Blender, au afanyaye hesabu za akili bandia, aweza kuigawia kila kadi fungu lake bila ya moja kuingoja nyingine. Lakini huyo anatafuta riziki, na hilo ni shauri jingine.

Basi familia ifanye nini? Kwanza, kijana aisafishe kompyuta, kwani vumbi huziba feni, na kadi yenye joto hupunguza mwendo. Pili, apunguze ukubwa wa picha ndani ya mchezo. Kasi isipoongezeka hata kidogo, huenda mwenye kuchelewesha ni prosesa, na kadi yoyote mpya itakuwa hasara. Tatu, ikithibitika kwamba kadi ndiyo dhaifu, iuzwe hiyo ya zamani, fedha yake iongezwe kwenye akiba, inunuliwe moja iliyo bora. Asikatazwe bila ya kuelezwa. Akae na wazazi wake wapige hesabu hiyo pamoja.

Na iwapo muuzaji bado anashikilia kwamba mbili ni bora, mwombeni autaje mchezo mmoja anaoucheza kijana wenu utakaozitumia kadi zote mbili, kisha auwashe mbele yenu, kwa kadi moja na halafu kwa mbili. Fedha ibaki mfukoni mpaka muione tofauti kwa macho yenu.