Kasuku abaki msituni

Huku kwetu Congo kila mtu anamjua kasuku: manyoya ya kijivu, uso mweupe, mdomo mweusi na mkia mwekundu unaoonekana toka mbali. Lakini wengi wetu wa mijini tumemuona kizimbani tu. Kwake ni kwenye misitu ya Maniema, Tshopo na majimbo jirani. Humo anakula matunda ya ngazi na mbegu za miti. Hajengi kiota kwa majani. Anataga mayai machache ndani ya tundu la mti mrefu. Mti huo ukikatwa, nyumba imekwisha.

Wawindaji wanapaka ulimbo kwenye matawi na kuweka kasuku mwingine awe chambo. Wengi wanaonaswa wanakufa njiani. Ndiyo sababu mwaka 2016, huko Johannesburg, nchi wanachama wa CITES ziliamua kukataza biashara ya kimataifa ya kasuku hawa wa porini, na katazo likaanza kazi 2017.

Tusimlaumu mwindaji peke yake. Kijana wa kijijini anauza kwa bei ndogo. Faida inabaki kwa mnunuzi mkubwa. Serikali ianze na huyo. Vizimba havipiti hewani vyenyewe: vinapita kwenye viwanja vya ndege na bandari za mto, mbele ya macho ya wenye kulipwa kuvizuia.

Na wewe msomaji, ukinunua kasuku mmoja wa kupamba nyumba, umeagiza mwingine akamatwe.