"Sijambo" ya Mama Haipimi Presha

Watoto tunaoishi mbali na wazazi tuna majibu ya kujifariji. Mengi niliwahi kuyatoa mwenyewe.

"Nimempigia, amesema hajambo." Ulitaka aseme nini? Kwetu hata aliyelazwa wodini huanza na "sijambo", halafu ndiyo ije "ila". Mzazi anayekuonea huruma ya nauli huimeza hiyo "ila". Mama yangu aliniitikia marahaba kwa miezi mingi, kumbe alishaacha kwenda kwenye kikoba alichokuwa mweka hazina wake. Nilipofika nilikuta kitenge kimemzunguka kiunoni mara mbili na vidonge vya presha vya mwezi mzima havijaguswa. Siku hizi kwenye simu namuuliza jana usiku alikula nini, sokoni alikwenda na nani, usiku aliamka mara ngapi kwenda chooni. Maswali hayo hayajibiwi kwa mazoea.

"Amekonda kwa sababu ya uzee." Uzee hupunguza mwendo. Lakini mtu wa kilo 60 akipoteza kilo 3 ndani ya nusu mwaka bila kukusudia, daktari amwone. Huenda ni sukari, kifua kikuu, saratani au sonona. Huenda pia ni meno tu: nyama haitafuniki, naye anaona aibu kusema.

"Hana homa, basi si ugonjwa." Hili ndilo linalonitisha kuliko yote. Mwili wa mzee mara nyingi haupandi joto hata nimonia au maambukizi ya mkojo yakiwa yamemshika sawasawa. Kinachotangulia chaweza kuwa kuchanganyikiwa: juzi alikuwa akihesabu kuku wake bila kukosea, leo anamwita mjukuu kwa jina la kaka yake aliyekwishafariki. Usahaulifu wa uzeeni kwa kawaida huja polepole, kwa miezi na miaka. Ulioingia kwa siku moja au mbili ni dharura, na mzee apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kabla majirani hawajaanza kumtafuta mchawi.

"Kusahau hakuna dawa." Kuna kusahau kusikoponyeka, kweli. Lakini tezi ya shingo iliyolegea, upungufu wa vitamini B12, sonona, hata baadhi ya dawa za usingizi, vyote huvuruga kumbukumbu, na vyote vina la kufanyiwa.

"Aliteleza tu bafuni." Pengine. Pengine pia presha hushuka anaposimama, au ana mtoto wa jicho, au mapaja yameisha nguvu. Mtazame anavyoinuka kwenye kiti: anajisukuma kwa mikono?

"Haumwi kichwa, presha yake iko sawa." Presha ya kupanda mara nyingi haiumi popote. Mashine ndiyo inayosema.

"Tukimpeleka kupima atajiona mzigo." Hapa nakubali nusu. Mama alikataa mara tatu, na mara ya tatu alininunia mpaka jioni. Ya nne nilimwambia, "Mama, nisindikize, mimi ndiye nakwenda kupima." Nikakaa mimi kwanza. Mashine ikasoma 148 kwa 92. Alicheka mpaka muuguzi naye akacheka, kisha akakunja mkono wa gauni lake mwenyewe.