Kompyuta za Michezo na Askari wa Mpakani
Askari wa Mella, wilayani Tororo, atakaye kompyuta mpakato ya kuchezea michezo huvutwa na bei za vichochoroni. Na aangalie. Mwaka 2009 Serikali ya Uganda ilitangaza kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta zilizokwisha kutumika. Mlinzi wa mpaka akinunua magendo, atamkamata nani?

Tena, nyingi za bei nafuu ziliundwa kwa kazi za ofisini. Kumbukumbu na diski mara nyingi huongezeka. Lakini kichakata-picha, ambacho ndicho huchora mchezo, kwa kawaida kimelehemiwa, hakibadilishwi. Fedha ziende huko kwanza, si kwenye mataa ya kibodi. Adai risiti, kisha aijaribu nusu saa kwa mchezo mzito: joto hufichua ubovu.