Vumbi la kokoto Same: boza la maji lipo kwa ajili ya wageni tu?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu, maana milango ninayoijua nimeshaigonga yote na kote nimeambulia kuzungushwa. Mimi ni fundi cherehani, naishi huku tambarare ya Same, kando ya barabara kuu iendayo Moshi, na jirani yangu ni machimbo ya mawe yenye mashine ya kusaga kokoto, ile tunayoiita krasha.

Jumamosi iliyopita nilianika mashati meupe ya wanafunzi, maana shule zinafunguliwa na huu ndio msimu wangu wa kupata chochote. Niliyaanika asubuhi, upepo ukiwa bado umetulia. Mchana krasha ikawashwa, na upepo wa Same tunaujua, ukianza kushuka kwenye uwazi wa milima hakuna wa kuuzuia. Nilipotoka kuanua nikakuta upande wa mashati unaotazama machimbo wote umekuwa wa kijivu. Nikakung'uta, wapi! Vumbi letu la asili, lile jekundu, ukilikung'uta linaondoka. Hili la kokoto likikuta nguo mbichi linaganda kama saruji, na ukilisugua ndiyo kwanza linaingia kwenye uzi. Nikafua upya, kwa maji ya kununua kwa dumu, na mashati mengine hayakurudia weupe wake. Mzazi mmoja alilishika la mwanawe, akaligeuza kola, akalirudisha mezani bila kusema neno, akadai fedha yake. Nikampa. Ningefanyaje?

Hasara ya nguo ningeimeza, Mhariri. Kilichonifanya niandike ni kikohozi cha mwanangu wa mwisho. Usiku anakaa kitako kitandani, anavuta pumzi kwa mabega, na asubuhi nikimfuta pua kitambaa kinatoka na utando wa kijivu. Pale zahanati, mganga hata kabla hajaweka kipimo kifuani aliniuliza kama tunaishi karibu na krasha. Maana yake si sisi peke yetu tunaopeleka watoto pale.

Basi nikaanza safari za ofisini. Kijijini wakaniambia suala hilo ni la kata. Kwenye kata wakasema leseni haikutolewa na wao, niende wilayani. Wilayani nikakalishwa kwenye benchi hadi jua linageuka, kisha kijana mmoja, umri wa mwanangu mkubwa, akanijibu bila kuinua macho: "Mama, Same ni kame, vumbi limekuwepo siku zote. Na hizo kokoto si ndizo zinazojenga barabara zenu?"

Jibu hilo limenichoma hadi leo. Sijadai machimbo yafungwe. Najua kokoto zinajenga shule na zahanati, na najua jasi ya Makanya, jirani tu hapa, inapakiwa kwenda viwanda vya saruji, kwa hiyo Same tunajenga nchi nzima. Vijana wetu wanapata ujira humo, na kina mama wanaoponda kokoto kwa nyundo pembezoni wanasomeshea watoto kwa kazi hiyo. Lakini ukame haukumleta huyu mwenye mashine, na ukame haukumzuia kumwagia mawe maji. Nimezungumza na dereva wa tipa aliyewahi kufanya kazi kwenye machimbo ya mkoa mwingine. Anasema kule jiwe linanyunyiziwa maji kabla halijaingia kwenye mdomo wa krasha, bomba dogo lenye matundu linapita juu ya mkanda unaobeba kokoto, chekeche limezungushiwa mabati, boza linalowesha njia ya malori asubuhi na mchana, na lori halitoki getini bila turubai. Katika yote hayo hakuna mtambo wa kuagiza ng'ambo. Hapa kwetu malori yanapita wazi, yanakimbia, na kila tuta la barabarani linaachiwa fungu lake la vumbi mbele ya mama anayeuza maandazi.

Na wafanyakazi wenyewe je? Nenda saa kumi jioni uwatazame wakitoka. Nyusi na kope nyeupe, midomo imepasuka, kinga ya pua ni kipande cha kanga au fulana iliyofungwa kisogoni. Vumbi linaloonekana kwenye nguo zangu ndilo lenye nafuu. Lile jembamba ambalo jicho halilioni ndilo linaloshuka hadi ndani ya mapafu, na mawe ya milima hii yana silika. Ugonjwa wake, silikosisi, hauna dawa ya kuuponya, na unamfungulia mtu mlango wa kifua kikuu. Sisi watu wa Kilimanjaro si wageni wa habari hiyo. Hospitali ya Kibong'oto kule Siha imewahudumia wachimbaji wa tanzanite kutoka Mirerani ambao vifua vyao viliharibiwa na vumbi la mwamba. Tunasubiri kijana gani wa Same apelekwe kule ndipo tuamini?

Mwanangu aliyeko chuoni alinisomea Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kifungu cha 4 kinasema kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Haijaandikwa "isipokuwa watu wa Same". Ipo pia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Karatasi tunazo. Mtu wa kufika kwenye machimbo na kumwambia mwenye mashine "zima mpaka uweke maji" ndiye sijamwona.

Wataniambia maji hakuna. Hapo ndipo uchungu wangu unapozidi. Mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochota maji kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, tumeusubiri zaidi ya miaka kumi mpaka Rais Samia alipouzindua Machi 2025. Tulishangilia, na nashukuru kwa waliofikiwa. Kitongojini kwetu bado ni madumu na punda. Lakini alipokuja kiongozi mmoja kuhutubia uwanja wetu wa mpira, boza lilipatikana! Lilimwaga maji uwanja mzima tangu alfajiri, likarudia mara ya pili, ili vumbi lisiwapate wageni kwenye viti vya mbele. Sisi tulisimama pembeni na ndoo zetu tukiyatazama yakinywewa na ardhi. Akahutubia, akaahidi, akapanda gari, na hatujamwona tena. Wanasiasa wetu ndivyo walivyo, wa chama chochote: vumbi wanalijua kwa muda wa mkutano tu, nasi tunalala nalo.

Ninachoomba ni hiki. Mwenye machimbo alazimishwe kununua maji kama mimi ninavyoyanunua, afunike malori, awape vijana barakoa za kazi zinazozuia vumbi, na krasha isimame siku ya upepo mkali mpaka atakapoweka mabomba. Wahusika waje kukagua. Wasije asubuhi, au siku ya pili baada ya mvua, wakaandika kwamba hali ni ya kuridhisha. Waje saa nane mchana upepo ukiwa umeshika kasi, bila kumpigia simu mwenye mashine kwanza, na kabla hawajaingia getini kwake wapite zahanati waombe daftari la wagonjwa wa kifua.

Fundi cherehani,
Same, Kilimanjaro