Mambo ya Nyumbani: Kuchagua Bawaba za Dirisha la Zamani



Ubao wa dirisha uking'oka, humwangukia aliye chini yake, na mara nyingi aliye chini ni mtoto. Kwa hiyo mwezi huu twanena habari za bawaba, na jinsi ya kuchagua mpya za kale zikiisha kuliwa na kutu. Wengi huchagua kwa macho. Yafaa kuchagua kwa mizani.

Mfano mzuri watoka mbali. Katika nyumba za kale za Uingereza yako madirisha ya vioo yasiyofunguka kama mlango, bali hupandishwa na kushushwa. Kila upande pana kamba ipitayo juu ya kapi, na mwisho wake chuma kizito kilichofichwa ndani ya mwimo. Kila chuma huwa karibu nusu ya uzito wa dirisha, hata mtoto aweza kulipandisha. Lakini fundi akitoa kioo cha milimita 3 na kutia cha milimita 4, kila mita ya mraba huongezeka kilo 2.5, asipobadili vyuma, dirisha hushuka lenyewe na kuponda vidole. Basi mnunuzi mwenye akili hupima kwanza dirisha, ndipo achague vifaa.

Nasi tufanye vivyo hivyo kwa madirisha yetu ya mbao.

Kwanza, uzito. Ushushe ubao, uutundike katika mizani ya kupimia korosho. Mninga mkavu wa mita moja ya ujazo wafikia kilo 640 hivi. Basi ubao wa sentimita 60 kwa 120, wenye unene wa sentimita 2.5, utakuwa kilo 11 au 12.

Pili, nafasi. Uzito huo huivuta bawaba ya juu itoke katika mwimo. Bawaba zikiachana sentimita 30, ubao huo wa kilo 12 huivuta kwa nguvu ya kilo 12. Zikiachana sentimita 90, nguvu hiyo ni kilo 4 tu. Ndiyo maana bawaba mbili zilizo mbali zaweza kushinda tatu zilizokaribiana.

Tatu, madini. Pwani ya Lindi chumvi ya bahari hula chuma upesi, na shaba ya manjano hudumu. Huku bara chuma kilichopakwa zinki chatosha, kikitiwa mafuta kabla ya mvua. Ukiambiwa ni shaba, jaribu kwa sumaku: ikinasa, ndani ni chuma. Tena shaba yataka parafujo za shaba, maana za chuma zikilowa pamoja nayo huoza upesi.

Nne, matundu ya kale. Usitie parafujo katika tundu lililopanuka. Chonga kijiti cha mti ule ule, ukitie gundi, ukipigilie. Kikikauka, toboa upya kwa keekee, mti usipasuke. Parafujo zikipakwa nta huingia kwa wepesi.

Nanyi walimu, madirisha ya shule hushikwa na mikono mingi kila siku. Kila mwisho wa muhula tikiseni kila ubao. Ukilegea, ushusheni siku ile ile, wala msingoje fundi. Chumba kisicho na dirisha kwa juma moja huingiza mvua tu. Dirisha lililolegea laweza kumwumiza mtoto wa mtu.